Kilo Sitini na Nne

"Mtu mwenye akili zake hakati mpini wa mswaki kwa msumeno," Shem alisema, "halafu akaenda kuupima kwenye mizani ya unga."

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, Julai ya mwaka elfu mbili, jikoni kwao Missouri City, kando ya Houston. Mkewe Kathure alikuwa ameinama mezani. Alisoma mshale wa mizani, akaandika "gramu saba" kwenye karatasi, akauweka ule mswaki uliobaki kisiki juu ya kirundo cha vitu vyake. Kwa hilo tusimlaumu Shem, maana yeyote angecheka. Tutamlaumu kwa mengine, na nafasi ipo ya kutosha.

Jumanne Kathure angepanda ndege Dallas pamoja na rafiki yake Moraa, aliyesoma naye uuguzi Kenya na ambaye sasa alikuwa anakaa Garland, kando ya Dallas. Walikuwa wanaenda Uswisi. Jumamosi yake wangekimbia kilomita kumi na nane katika milima ya Alpi, kutoka kijiji kimoja bondeni, kupitia msitu wa misonobari, hadi kwenye kibanda cha mawe kilicho karibu na theluji, kisha warudi chini. "Mbio fupi," ndivyo kijitabu cha waandaaji kilivyosema, kana kwamba aliyekiandika alizaliwa na kwato. Lakini kwa ufupi wake wote, sheria zilikuwa kali. Huna koti la mvua na upepo, huanzi, hata jua likiwa linapasua mawe. Huna firimbi ya kuitia msaada, huanzi. Tochi ya kufunga kichwani, lile shuka jembamba la dharura linalong'aa kama karatasi ya kuokea, glavu, kofia ya sufu, bendeji, lita nzima ya maji, vyote vingekaguliwa mstarini. Na vyote ulitakiwa uvipandishe mlimani mgongoni mwako mwenyewe. Ndiyo maana ya mizani. Bila maji, mzigo wa Kathure ulikuwa umefika kilo moja na robo, na alijivunia robo ile kuliko alivyowahi kujivunia cheti chochote.

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Tangu aje Amerika hajawahi kupanda ndege isipokuwa anaenda kuzika, kuozesha au kuuguza. Kazini anaitwa kengele ikilia, nyumbani anaitwa bila kengele. Alichotaka ni siku nne ambazo hakuna mtu anayemhitaji. Hakutaka kushinda mbio wala kupiga picha na ng'ombe. Alitaka kuamka mahali, avae viatu, apande mlima, ateremke, na kwa muda huo wote asiulizwe chumvi iko wapi.

Na alikuwa amezifanyia kazi siku hizo nne. Houston ni tambarare kama sinia, huwezi kupata kilima hata cha kuteremshia baiskeli. Kwa hiyo kila akitoka zamu, jua likiwa bado linauma, wenzake wakitafuta magari yao, Kathure alibadili viatu na kulikimbia jengo la maegesho la hospitali, ghorofa saba juu, ghorofa saba chini, pakiti mbili za mchele mgongoni. Mlinzi wa mle ndani mwanzoni alidhani anafukuzwa na mtu. Miezi kumi alifanya hivyo. Ukucha wa dole gumba uligeuka mweusi, ukang'oka, ukaota mwingine.

Sasa Shem. Shem alikuwa mwenyekiti wa chama cha Wakenya wa upande ule wa mji, na hakuna aliyewahi kubisha mlango wake akaondoka mikono mitupu. Alikuwa mtu wa watu. Ubaya ni kwamba mtu wa watu akiwa mumeo, wanaofaidi ni watu. Na katika mambo yote ambayo Shem aliyaamini, baada ya Mungu, lilikuwepo hili: kilo za ndege hazipotei bure. Siku hizo tiketi ya ng'ambo ilikuruhusu masanduku mawili ya kilo thelathini na mbili kila moja. Mkenya akisafiri, nguo zake mwenyewe huingia kwenye mfuko wa mkononi, na kilo sitini na nne ni za jamii. Viatu vya mpwa wa fulani, mashine ya kupimia presha ya mama wa fulani, suti ya harusi, vitamini. Anayekataa kubeba husemwa hadi na watoto wake.

Saa nne kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Kalume, mzee wa makamo kutoka Kilifi aliyekuwa fundi wa viyoyozi, amekumbatia katoni iliyozungushiwa utepe wa gundi mara ishirini.

"Bibie, twakuombea safari njema," alisema, akiitua katoni kwenye korido. "Huu ni unga kidogo, na majani ya chai, na viungo vya pilau. Dadangu yuko Basel. Ameshasahau ladha ya ugali, maskini."

Kathure aliitazama katoni. Unga ule ulikuwa umesagwa Kenya, ukavuka bahari hadi Texas, na sasa ulitakiwa uvuke tena kurudi upande uliotoka. Hata unga ulikuwa umetembea dunia kuliko yeye.

"Mzee Kalume, mimi siendi Basel."

"Si Uswisi? Nchi yenyewe ndogo hiyo, waiona kwenye ramani kama kifungo cha shati. Atakufuata stesheni. Mwenyekiti ameshanipa namba ya ndege yako."

Kathure hajamaliza kumeza hilo, akaingia Elirehema, Mtanzania aliyekuwa akiimba kwaya moja na Shem, anavuta sanduku la magurudumu. "Samahani kwa usumbufu, mpendwa. Ni nywele za kusuka na vitenge vya dada yangu wa Geneva. Mwenyekiti alisema una nafasi kubwa sana, unaenda na kibegi tu."

"Alisema lini?"

"Jumapili, kwenye matangazo. Hukusikia?" Elirehema akamtazama kwa huruma ya kweli. "Lakini dada, huko milimani unaenda kwa nani?"

Hilo swali Kathure alikuwa ameulizwa kazini, kanisani, dukani na simuni. Hata fomu ya viza ilitaka jina la mwenyeji. Kila alipojibu kwamba haendi kwa mtu, alimwona muulizaji akitafuta ndani ya kichwa chake ugonjwa au mwanamume. Leo alijibu tu, "Kwa mawe, Elirehema," na Elirehema akacheka, akidhani ni mzaha.

Hadi saa sita mizigo ilikuwa saba. Kathure alimfuata Shem gereji, na hakuacha mlango ufunge vizuri nyuma yake.

"Baba Kerubo, umegawa kilo zangu?"

"Sijagawa. Nimesaidia watu." Shem alikuwa anafuta vumbi kwenye mkasi wa nyasi, polepole, kama kazi hiyo ingemletea mshahara. "Una masanduku mawili hujayagusa. Yaende tupu kwa nini? Itakugharimu nini?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na wahenga hawakuwa wamekutana na Shem. Kathure alihisi masikio yanapata moto. "Itanigharimu siku zangu! Nipande treni Basel nipeleke unga, nishuke Geneva nipeleke nywele, halafu nikimbie lini? Nime-train miezi kumi, Shem. Miezi kumi kwa parking lot, watu wananiona kama mwendawazimu. Sibebi. Hata sindano ya mtu sibebi. Wapigie simu waje wachukue."

"Nitawaambia nini sasa mimi? Wewe hujali nitaonekana aje?"

"Waambie mke wako amekataa. Ni ukweli, hautakuchoma ulimi."

Shem aliuweka mkasi chini, akasema, "Sawa, Mama Kerubo. Yaishe." Aliyasema upesi kuliko kawaida yake. Mwanamume huyo aliweza kubishana dakika arobaini juu ya joto la kiyoyozi, na hapa amekubali kwa pumzi moja. Kathure angeshtuka, lakini alikuwa na hasira, na mwenye hasira akipewa ushindi haulizi umetoka wapi.

Mchana huo alihitaji meza ya jikoni kukatia mboga. Binti yao Kerubo alikuwa kambi ya kanisa wiki ile, chumba chake kimejaa vitabu, kwa hiyo Kathure alikibeba kirundo chake chote akakipanga kwenye kitanda cha chumba cha wageni. Viatu aliviweka mwisho, juu ya gazeti. Vilikuwa na soli ya meno ya kushika tope na mawe, na kwa miezi kumi vilikuwa vimeacha kuwa viatu vya duka vikawa viatu vyake. Palipotokeza kifundo chake cha dole, ngozi ya kiatu nayo ilitokeza.

Kitanda kile ndicho kilichokuwa kosa. Kila nyumba ya Mkenya wa Houston ina kitanda cha namna hiyo, au kochi, au kona ya gereji. Hapo ndipo vitu vya kwenda nyumbani hujilimbikiza mwaka mzima, shati moja leo, viatu vya mtumba kesho, hadi apatikane mtu anayesafiri. Kitu kikiwekwa pale, hakiulizwi ni cha nani. Ni cha nyumbani. Kathure mwenyewe ndiye aliyeianzisha desturi hiyo katika nyumba yake.

Jumamosi alikwenda kazini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alirudi jioni, jua la Julai bado liko juu, miguu imevimba, akaenda moja kwa moja chumba cha wageni ili ajaribu tochi. Kitanda kilikuwa kitupu. Tena kilikuwa kimetandikwa, shuka limevutwa likanyooka.

"Shem!"

Alikuja na kijiko cha uji mkononi. "Mwenda alipita mchana. Si alikuwa anasafiri leo? Alikuwa na kilo kumi na tano hazina kitu."

Mwenda alikuwa binamu yake Kathure, kijana mstaarabu aliyefanya kazi ya ofisi na kukaa Alief. Kathure alijua anakwenda Nairobi. Alikuwa amemwandikia mama yake barua aibebe.

"Na vitu vyangu?"

"Vitu gani?"

"Viatu, Shem. Koti. Tochi. Vilikuwa hapa!"

Shem alikitazama kitanda, akamtazama mkewe, akaweka mkono kichwani. "Ai. Vile vilikuwa vyako? Mimi nilijua ni vya nyumbani. Si vilikuwa kitandani?"

Kathure aliketi sakafuni pale pale na sare yake ya kazi. Alitaka kupiga kelele na akashindwa, kwa sababu sehemu yake moja ilikuwa upande wa Shem. Ni kweli vilikuwa kitandani. Nani aliyemtuma aviweke pale? Miezi kumi ya ngazi, na amekuja kushindwa na tabia yake mwenyewe ya kupanga vitu. Alijilaumu hadi akalia, akijiita mjinga. Shem alimletea chai, akamvua viatu vya kazi, akasema pole mara nyingi, akasema labda ni mpango wa Mungu, mbio si zitakuwepo hata mwaka kesho? Hilo la Mungu ndilo lililomwamsha. Mungu ana kazi nyingi, lakini Kathure hakuona sababu ya Yeye kuhangaika na soli zake.

Halafu kulikuwa na jambo dogo lililomkera kama uzi kwenye jino. Viatu vile vilikuwa vinakaa mlangoni pa jikoni tangu Oktoba. Shem alivikwaa kila asubuhi. Alivilaani kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kikisii. Vikiwa na tope, yeye ndiye aliyevitupa nje.

Jumapili baada ya ibada watu saba walimpa mkono na kumshukuru kwa moyo wake wa kubeba mizigo. Hakuna aliyekuwa amepigiwa simu. Kathure alitabasamu hadi mashavu yakauma, akafika nyumbani, akachukua kadi ya simu na kukwangua namba zake kwa ukucha. Alikuwa na wazo moja lililobaki. Kutoka Nairobi kwenda Zurich ni usiku mmoja wa ndege. Mwenda angekuwa ametua jioni hiyo ya kwao. Pengine alimjua mtu anayesafiri, yeyote, ambaye angebeba jozi moja ya viatu. Alipogundua kwamba anakwenda kuomba mzigo wake ubebwe, alicheka peke yake, cheko baya, kisha akabonyeza namba.

Mwenda alikuwa kwa dada yake mtaa wa Buruburu. Sauti yake ilikuja ikikatika, nyuma yake watu wanafungua masanduku na kushangilia.

"Dada Kathure! Tumefika salama. Barua ya mama iko."

"Mwenda, sikiliza. Vile viatu, na lile koti. Ni vyangu vya mbio. Shem alikosea. Hakuna mtu anakuja Europe wiki hii?"

Zile kelele zikawa mbali; Mwenda alikuwa amesogea kando.

"Lakini dada," Mwenda alisema, "mimi nilimuuliza. Niliona vile viatu, nikamwambia, hizi si za Kathure za kukimbia? Akasema ume-cancel hiyo safari. Akasema imekuuma sana, so nisikuulize, nipeleke tu kwa vijana wa nyumbani. Hata ndio maana sikukupigia kukuaga. Dada? Bado uko?"

Kathure alikuwa bado yuko. Alikuwa amejizungushia waya wa simu mkononi mara tatu. Alimshukuru Mwenda, akamwambia vijana wavivae, akaweka simu chini kwa uangalifu mkubwa, jinsi mtu anavyoweka yai. Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga hawakusema kwamba kitakuletea na chai.

Shem alikuwa mezani anakula. Kathure alisimama mbele yake. Hakupandisha sauti, na Shem, aliyemjua miaka kumi na sita, aliacha kutafuna.

"Mwenda anasema nime-cancel."

Uso wa Shem ulifanya mambo matatu kwa mpigo. Alifungua kinywa aseme hajui, akaona haitafaa, akakifunga.

"Ulivijua," Kathure alisema. "Ulivijua viatu vyangu, ukavifunga kwenye sanduku, ukatandika kitanda. Ukaniacha nijilaumu. Jana nimekaa kwa floor nalia kwamba mimi ni mjinga, na wewe unanipa pole. Ulikuwa unanipa pole ya nini?"

"Ningefanya nini?" Shem aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake. "Nimekuongelesha, hunisikii. Uko na siku kumi za leave kwa mwaka mzima. Kumi! Tulisema Disemba twende nyumbani, mama yangu anazeeka. Unachukua tano unaenda kuzitupa kwa mawe. Watu wananiuliza, Mwenyekiti, mke wako anaenda kwa nani? Nijibu nini? Mwanaume anaulizwa swali kama hilo mbele ya watu na hana jibu."

"Ungesema hujui. Au ungesema anaenda kukimbia."

"Na hukuniambia hata siku moja, 'Shem, twende.'" Sauti ya Shem ilivunjika hapo, na hilo lilikuwa la kweli, Kathure aliliona. "Siku moja tu."

Lilimgusa Kathure. Liligusa mahali, na mahali penyewe palikuwa pamejaa hasira hadi juu, halikupata pa kukaa. "Ningekuambia twende," alisema, "ungekuja na katoni ya Kalume."

Kisha akafanya alichofanya. Alikwenda kwenye korido, akaikamata ile katoni ya unga, akaitoa nje hadi kwenye nyasi, kando ya sanduku la barua. Akarudi. Akalivuta sanduku la Elirehema, magurudumu yakipiga kelele kwenye saruji. Jua la saa tisa lilikuwa linachoma kama pasi. Safari ya tatu, ya nne. Jirani wa mbele, mzee Mmarekani mwenye bomba la kumwagilia maji, alisimama akasahau maji yanakwenda wapi. Mizigo yote saba ilipangwa kwenye ukingo wa barabara kama watoto wanaosubiri basi la shule. Shem alimfuata mlangoni, akirudi, akitoka, akimsihi kwa sauti ya chini kwa ajili ya jirani.

"Mama Kerubo, watu wataona."

"Ndiyo nataka. Na wakikuuliza, ujue jibu."

Alichukua daftari la chama lenye namba za simu, akapiga saba moja baada ya nyingine. Kwa kila mmoja alisema maneno yale yale: mimi sibebi, nilikataa tangu Ijumaa, mume wangu hakuwaambia, mzigo wako uko barabarani, njoo kabla mvua haijanyesha. Elirehema alilia kidogo. Kalume alisema, "Bibie, kumbe hukupenda tangu mwanzo? Ningelijua nisingelikutwika," na hayo ndiyo maneno ya kwanza ya adabu Kathure aliyoyasikia wiki ile. Alimwomba radhi Kalume. Wengine hakuwaomba.

Jumatatu asubuhi alitupa kwenye gari pasipoti, nguo za kubadili, ule mswaki kisiki uliosalimika kwa kuwa Jumamosi asubuhi aliutumia akauacha bafuni, na ramani ya mbio aliyoikunja mara nne. Mkoba wa mgongoni ulikuwa umekwenda Nairobi na vingine. Shem alisimama gereji akiwa amevaa vizuri, kama anayetarajia kusindikiza mtu. Kathure alirudi nyuma na gari, akalinyoosha, akaondoka. Saa nne za barabara ya kwenda Dallas alizitumia kumtukana kwa sauti madirisha yakiwa yamefungwa, na alipofika mji wa Corsicana alikuwa amemaliza matusi ya Kimeru akaingia kwenye ya kuazima.

Moraa alimpokea Garland akiwa bado na sare ya kazi. Alisikiliza yote akiwa amesimama, mkono kiunoni.

"Haki ya Mungu," alisema. "Na alikutandikia kitanda?"

"Alikitandika."

"Hapo ndipo mimi ningemuua." Moraa akachukua funguo. "Twende duka. Hapa tuna masaa manne kabla wafunge, na nani atakuruhusu huko bila firimbi?"

Walinunua vyote upya. Firimbi iliyopatikana ilikuwa ya waamuzi wa mpira, koti lilikuwa la kiume, tochi ilikuwa nzito kuliko ile ya kwanza mara mbili. Viatu vilikuwa vizuri na vigumu, havijui mguu wa mtu. Kathure alijua fika kwamba muuguzi yeyote angemkataza mgonjwa kukimbia mlimani na viatu vya siku tano. Alivivaa pale pale dukani, akatembea navyo nyumbani kwa Moraa akipanda na kushuka ngazi za nje, akavivaa tena asubuhi. Kufika uwanja wa ndege Jumanne, kisigino cha kulia kilikuwa kimeshaanza kuchubuka. Aliukaribisha uchungu ule. Angalau ulikuwa wake na alijua umetoka wapi.

Kabla hawajatoka Garland, Shem alikuwa amepiga simu kwa Moraa mara tatu. Mara ya tatu Kathure alipokea. Shem alisema mizigo yote imechukuliwa, alisema watu wanamtazama vibaya, alisema amekosa. Kathure alimwambia amesikia. Alipouliza kama amesamehewa, Kathure alisema hilo watalizungumza akirudi, na kwamba hajui atasema nini, na kwamba asimngoje na mgeni nyumbani.

Kwenye kaunta foleni ilikwenda haraka. Mbele yao familia moja ilikuwa imepiga magoti sakafuni, inahamisha nguo kutoka sanduku zito kwenda jepesi, mama anaketi juu ya kifuniko, baba anavuta zipu. Kathure aliwatazama mpaka Moraa akamgusa bega. Dada wa kaunta, msichana mwenye kucha za buluu, alichukua tiketi na pasipoti, akaangalia chini ya kaunta upande wa mizani.

"Masanduku yako wapi?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Sina. Ni huu mkoba tu."

Msichana alipandisha nyusi, akaandika, kisha akaanza kusoma maswali ya usalama ambayo siku hizo kila abiria aliulizwa, kwa sauti ya mtu aliyeyasema mara elfu. Je, umefungasha mzigo wako mwenyewe? Je, kuna mtu yeyote amekupa kitu chochote umbebee?

Mara tisa Kathure alikuwa amesimama mbele ya kaunta kama ile na kuulizwa swali lile. Mara tisa alikuwa na kilo sitini na nne za watu, vingine hajui hata ni nini, vimeshonewa kwenye matambara na kuandikwa majina kwa kalamu nene. Mara tisa, yeye Mkristo, yeye muuguzi aliyekula kiapo, alimtazama mtu machoni akadanganya, Shem amesimama nyuma yake akiitikia kwa kichwa kumpa moyo. Hakuwahi kufikiri kwamba ni uongo. Alidhani ndivyo watu wanavyosafiri.

"Hapana," alisema. Akakuta neno moja halitoshi, likamtoka tena. "Hapana! Hakuna mtu. Hakuna hata mmoja!"

Moraa aligeuka. Ile familia ya sakafuni ikainua vichwa. Yule dada wa kaunta akasukuma pasipoti mbele, na akamwambia taratibu kwamba amesikia, hakuna haja ya kupiga kelele.